Tusimharakishe Mgonjwa Kuamka



Wapendwa wasomaji, kila aliyewahi kumsindikiza ndugu yake hospitalini kwa operesheni analijua benchi lile lililo nje ya chumba cha upasuaji. Tunakaa hapo na chupa ya chai, kanga begani na rozari mkononi. Mlango unafunguliwa, muuguzi anatoa kichwa na kusema, "Operesheni imekwisha salama." Tunamshukuru Mungu, tunapeana mikono. Kisha zinapita dakika kumi, ishirini, nusu saa, na mgonjwa haletwi. Hapo manung'uniko yanaanza. "Si wamesema wamemaliza? Wanamfanya nini huko ndani?" Mwingine anainuka kwenda kugonga mlango.

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unapenda kuzungumza juu ya nusu saa hiyo. Maoni yetu tunayasema bila kuficha: muda ule ni sehemu ya operesheni yenyewe, tena ni sehemu yenye hatari. Hospitali inayoukata kwa sababu ya foleni inakosea. Na sisi jamaa tunaogonga mlango tunakosea pia.

NUSUKAPUTI SI DAWA MOJA

Wengi wetu tunadhani nusukaputi ni dawa moja: mtu anachomwa, analala, halafu anaamka. Sivyo. Katika operesheni kubwa, kama ile ya tumbo, mgonjwa mara nyingi hupewa dawa za aina tatu. Ya kwanza humlaza usingizi. Ya pili humwondolea maumivu. Ya tatu hulegeza misuli ya mwili, ili mpira wa kupumulia upite kooni bila shida, na ili daktari mpasuaji afanye kazi ndani ya tumbo lisilokaza.

Dawa hii ya tatu ndiyo tunayoizungumzia leo. Haimlazi mtu, wala haizuii maumivu. Kazi yake ni kulegeza tu. Na kwa kuwa binadamu hupumua kwa misuli, aliyepewa dawa hii hawezi kupumua mwenyewe. Mtaalamu wa usingizi humpumulia kwa mashine, au kwa kuminya mfuko wa hewa kwa mkono, tangu mwanzo hadi mwisho.

Si kila operesheni inahitaji dawa hii. Mama anayezaa kwa operesheni baada ya kuchomwa sindano ya mgongoni haihitaji. Mtoto anayeshonwa kidonda kwa ketamini peke yake haihitaji. Lakini ikishatumika, lazima iondoke mwilini au ipingwe na dawa nyingine kabla mgonjwa hajaachiwa apumue peke yake.

MJUMBE NA MLANGO

Dawa hiyo inafanyaje kazi? Mtu anapotaka kuinua mkono, mshipa wa fahamu hutuma mjumbe kwenye misuli. Mjumbe huyo ni kemikali iitwayo asetilikolini. Misuli ina milango midogo ya kumpokea. Mjumbe akiingia, misuli inakaza. Dawa ya kulegeza huja ikakaa mlangoni. Mjumbe akifika hapati pa kuingia, na misuli inabaki imelegea.

Mwilini kuna pia mfagiaji, ambaye kazi yake ni kuwaondoa wajumbe wakishamaliza kazi. Dawa ya kurudisha nguvu za misuli inayotumika zaidi, iitwayo neostigimini, humzuia mfagiaji huyo. Wajumbe wanaongezeka, wanasongamana, na kwa wingi wao wanaisukuma ile dawa itoke mlangoni. Kwa kuwa neostigimini hupunguza pia mapigo ya moyo na kuongeza mate, huchomwa pamoja na atropini au dawa inayofanana nayo, ili moyo usipunguze mwendo kupita kiasi.

Kuna jambo la kushangaza katika historia ya dawa hizi. Dawa ya kwanza ya kulegeza misuli, kurare, ilikuwa sumu ya mishale ya wawindaji wa misitu ya Amerika ya Kusini. Tarehe 23 Januari 1942, huko Montreal, Kanada, Dk. Harold Griffith na Dk. Enid Johnson waliitumia katika nusukaputi ya kijana aliyekuwa akiondolewa kidole tumbo. Nayo neostigimini, iliyotengenezwa mwaka 1931, iliundwa kwa kufuata mfano wa dawa itokayo katika harage la Calabar, nchini Nigeria. Harage hilo wazee wa huko waliwalisha watu walioshtakiwa uchawi: akitapika ni safi, akifa ndiye. Ni kama mwavi uliotumika zamani katika sehemu za kusini mwa Tanzania. Mwaka 1900 Dk. Jacob Pal wa Vienna aligundua kwamba dawa ya harage hilo huipinga kurare. Basi sumu ya mshale na sumu ya kiapo zote mbili zimegeuzwa kuwa msaada kwa mgonjwa. Lakini tusisahau asili yake. Zinataka mkono wenye kipimo na jicho lenye saa.

KILA JAMBO NA WAKATI WAKE

Hapa ndipo penye kiini cha maoni yetu. Neostigimini si sindano ya kuchomwa wakati wowote. Kama milango yote bado imekaliwa na dawa ya kulegeza, wajumbe hata wakisongamana hawawezi kuisukuma. Tena ina kikomo: mfagiaji akishazuiliwa kabisa, kuongeza dozi hakuongezi nguvu. Kwa hiyo mtaalamu lazima kwanza angoje mwili wenyewe uanze kujirudia, ndipo achome.

Atajuaje kwamba mwili umeanza? Kiko kifaa kidogo kinachoshikika mkononi. Kinatoa umeme hafifu kwenye mshipa wa fahamu wa kifundo cha mkono, mara nne mfululizo, katika muda wa sekunde mbili hivi. Kila mara, kidole gumba kinaruka. Kisiporuka hata mara moja, dawa bado imeshika kabisa. Kikiruka mara moja au mbili, bado mapema. Kikiruka mara zote nne, hapo neostigimini ina nafasi ya kufanya kazi vizuri. Njia hii ya kupima mara nne ilielezwa mwaka 1970 na madaktari wa Liverpool, Uingereza.

Hata baada ya kuchoma, kazi haijaisha. Neostigimini inahitaji kama dakika kumi kufikia nguvu zake zote. Mruko wa nne wa kidole hulinganishwa na ule wa kwanza. Zamani walitosheka ukifikia asilimia 70 ya ule wa kwanza. Siku hizi kipimo kimepanda: mwongozo wa chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani wa mwaka 2023 unataka angalau asilimia 90 kabla ya kuondoa mpira kooni.

Sasa fikirini, ndugu zetu, mtaalamu anayechoma neostigimini wakati uzi wa mwisho unafungwa, na baada ya dakika mbili anavuta mpira kwa sababu mgonjwa mwingine yuko mlangoni. Dawa aliyoitoa ni sahihi na kipimo ni sahihi. Alichokosea ni wakati.

Iko dawa mpya zaidi, sugamadeksi, iliyoruhusiwa Ulaya mwaka 2008 na Marekani mwaka 2015. Hiyo haisukumi mlango. Humkumbatia adui mwenyewe na kumwondoa. Hufanya kazi kwa haraka hata misuli ikiwa imelegea sana. Lakini inafaa kwa baadhi tu ya dawa za kulegeza, na imekuwa ghali kuliko neostigimini. Kwa hospitali zetu nyingi, neostigimini na subira ndiyo njia.

MACHO HUDANGANYA

Mtu anaweza kuuliza: je, mtaalamu mwenye uzoefu si huona mwenyewe kwamba mgonjwa amepata nguvu? Tunawaheshimu wataalamu wetu, lakini jibu ni kwamba macho peke yake hayatoshi.

Misuli hairudi yote kwa pamoja. Ule mkubwa ulio chini ya mapafu, unaovuta pumzi, huwahi kurudi. Misuli ya koo na ya kumezea huchelewa. Hivyo mgonjwa anaonekana anapumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini ulimi unarudi nyuma na kuziba njia, mate hayamezeki, na akitapika matapishi yanaingia mapafuni. Kipimo cha zamani cha kumwambia mgonjwa ainue kichwa kwa sekunde tano kinasaidia, ila wako wanaokifaulu huku ulegevu ungali umebaki.

Mwaka 1979 madaktari wa Denmark waliwapima wagonjwa 72 waliokwisha kufikishwa chumba cha kuamkia. Thelathini kati yao, yaani asilimia 42, walikuwa hawajafikia hata kile kipimo cha chini cha zamani. Walikuwa wamepewa dawa ya kurudisha misuli, na waliowahudumia waliamini kwamba wamekwisha kuwa salama.

Na kabla ya hapo, mwaka 1954, Dk. Beecher na Dk. Todd wa Marekani walitoa hesabu ya vifo katika hospitali kumi, kati ya mwaka 1948 na 1952. Walipata kifo kimoja kilichotokana na usingizi katika kila wagonjwa 370 waliopewa dawa za kulegeza misuli, na kimoja katika kila 2,100 ambao hawakupewa. Wao walidhani kurare yenyewe ina sumu ya ziada. Waliokuja baadaye walitambua kwamba sehemu kubwa ya hatari ilikuwa ni wagonjwa kuachwa wapumue wenyewe kabla nguvu hazijarudi. Tangu hapo usingizi umekuwa salama zaidi mara nyingi, lakini hatari ile haijafa. Inangoja mahali penye haraka.

Liko pia jambo la kutisha zaidi. Dawa ya usingizi ikizimwa kabla ya ile ya kulegeza kuisha, mgonjwa huamka akili huku mwili umelala. Anasikia sauti, anataka kusema, hawezi hata kufumbua jicho. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza na Ireland, uliotolewa mwaka 2014, ulikusanya taarifa za watu walioamka ndani ya nusukaputi. Palipotumika dawa ya kulegeza, taarifa ilikuwa moja kwa kila wagonjwa 8,000 hivi. Pasipotumika, moja kwa kila 136,000 hivi. Baadhi ya wagonjwa hao walipatwa na hayo mwishoni, saa ya kuamshwa. Aliyepitia hapo hasahau.

TUNAWAJUA WANAOBANWA

Ndugu zetu wa hospitali watasema: "Ninyi mnaandika mkiwa mmekaa. Njooni mwone." Nao wana haki. Katika hospitali nyingi za wilaya na za misheni, anayetoa usingizi ni mtu mmoja, mara nyingi muuguzi au tabibu aliyesomea kazi hiyo. Kile kifaa cha kupima misuli hana. Orodha ya siku ni ndefu, na wakati wowote anaweza kuletwa mama anayetoka damu, ambaye hawezi kungoja. Hatusemi aachwe mama huyo afe ili mwingine aamke polepole.

Tunachosema ni kwamba haraka ya kweli na haraka ya mazoea si kitu kimoja. Siku ya dharura, anayeamka akabidhiwe kwa muuguzi aliyefundishwa, atakayesimama kichwani pake bila kutumwa kwingine. Siku za kawaida, dakika kumi na tano za mgonjwa zihesabiwe kuwa mali yake. Pasipo na kifaa, tumaini lililobaki ni subira: kuacha mwili ujirudie zaidi kabla ya kuchoma neostigimini, na kungoja zaidi baada ya kuichoma. Wala tusijifariji kwa kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni. Ni chombo cha lazima, lakini mgonjwa akiwa anapewa oksijeni kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa muda huku pumzi yake imeanza kuwa dhaifu.

Waswahili walisema haraka haraka haina baraka. Katika chumba cha upasuaji methali hiyo si ya kupambia mazungumzo.

YANAYOTUHUSU SISI JAMAA

Kabla ya operesheni, tumweleze mtaalamu wa usingizi bila kuficha:

- kama mgonjwa ana ugonjwa wa misuli kuchoka, kope kulegea au kuona vitu viwili viwili;

- kama ana ugonjwa wa figo, wa moyo au pumu;

- dawa zote anazotumia. Sindano ya gentamisini, na magnesiamu wanayopewa akina mama wenye kifafa cha mimba, huongeza nguvu ya dawa za kulegeza;

- kama yeye au ndugu wa damu aliwahi kukawia sana kuamka au kupumua baada ya operesheni. Ziko koo zenye upungufu wa kurithi, na kwao dawa moja ya kulegeza, suksametonia, ambayo kwa kawaida huisha kwa dakika chache tu, hudumu kwa saa kadhaa;

- amekula au kunywa nini, na saa ngapi. Kusema uongo hapa ni kumhatarisha ndugu yako.

Tukiwa kwenye benchi, tusigonge mlango. Kama tuna wasiwasi, tuulize kwa heshima swali moja lenye maana: "Sista, yuko mtu atakayekaa naye mpaka aamke kabisa?" Swali hilo linasaidia kuliko kuuliza kumi juu ya saa ya kutoka.

Akishaletwa wodini, tumtazame. Aliyeamka sawasawa anaweza kufumbua macho na kuyashikilia wazi, kuitika kwa sauti inayosikika, kukohoa kwa nguvu, kumeza mate na kuubana mkono wako. Tumwite muuguzi mara moja tukiona anakoroma kwa shida, kifua na tumbo vinapishana kila anapovuta pumzi, sauti imefifia kama ya mtu anayezama, mate yanamtoka bila kumezwa, au ulimi na ndani ya midomo vimegeuka rangi ya bluu. Wakati muuguzi anakuja, tumgeuze kwa ubavu na kumwinua kidevu. Wala tusimpe maji wala uji mpaka wauguzi waruhusu, hata akilia kiu. Mama mkwe mwenye huruma na kikombe cha uji anaweza kufanya madhara ambayo kisu hakikufanya.

YANAYOIHUSU PAROKIA

Tunajua jinsi kamati zetu zinavyochangisha. Ukifika wakati wa kuisaidia hospitali ya jimbo, tunapenda kujenga ukuta, kupaka rangi, kuweka jiwe la msingi lenye jina. Si vibaya. Lakini mwaka 2015 kamisheni ya kimataifa ya jarida la Lancet ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama wanaoumudu. Neno "salama" lisirukwe. Upasuaji salama ni pamoja na chumba cha kuamkia chenye kitanda, oksijeni, mashine ya kufyonza mate, kipimo cha kidoleni, na muuguzi ambaye kazi yake ni hiyo tu. Ukiongeza kile kifaa kidogo cha kupima misuli, umeongeza jicho lisilodanganywa. Kwa maoni yetu, vitu hivi vitangulie rangi ya ukuta. Kwenye jumuiya ndogondogo, tunapojadili mchango wa afya, na tuulize: mgonjwa wetu anaamkia wapi, na nani anamtazama?

Kanisa halijawahi kuliona jambo hili kuwa dogo. Mwaka 1957 Papa Pius XII alizungumza na madaktari wa usingizi mara mbili: mwezi Februari alijibu maswali yao juu ya kuondoa maumivu, na mwezi Novemba juu ya mgonjwa asiyeweza kupumua bila msaada. Baba Mtakatifu alijua kwamba mikononi mwa watu hawa kuna pumzi ya binadamu.

Tumkumbuke Msamaria mwema. Alifunga majeraha, akayatia mafuta na divai. Kama angekuwa na haraka, angeona kazi imekwisha hapo. Lakini alimpandisha mnyama wake, akampeleka kwenye nyumba ya wageni, akamwuguza, na kesho yake hakuondoka kabla ya kumkabidhi kwa mtu mwingine na kumlipia. Kufunga jeraha ni operesheni. Usiku ule wa kuuguza ndio chumba cha kuamkia.

Basi siku nyingine tutakapokaa kwenye benchi lile, na muuguzi atakaposema wamemaliza, tuseme asante, kisha tuongeze fungu moja la rozari. Ndugu yetu hajachelewa. Anarudishiwa pumzi yake, na wanaomrudishia wanahitaji muda.

Mungu awajalie wagonjwa wetu wote uponyaji, na wanaowahudumia awajalie subira.